Kiuno Imara, Riziki Salama: Matumizi ya Vyombo vya Mazoezi kwa Wakazi wa Mpakani



Mkazi yeyote wa Busia, awe wa upande wa Uganda au wa Kenya, anazijua vyema sauti za alfajiri ya mpakani: honi za malori yaliyolala kwenye foleni, kengele za baiskeli, na wachukuzi wanaoomba njia huku magunia yakiwa mabegani. Mji huu unahesabiwa kuwa chimbuko la neno bodaboda, kwa kuwa tangu miaka ya 1960 vijana wa hapa waliwavusha abiria kwa baiskeli kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Barabara imebadilika, pikipiki zimeingia, lakini sehemu kubwa ya riziki yetu bado inabebwa na mgongo wa binadamu.

Safu hii imezoea kuzungumzia usalama wa barabarani, bidhaa za magendo na ulinzi shirikishi. Katika toleo hili tunazungumzia kiuno, na sababu yake si ngumu kueleza. Katika dawati la malalamiko nimesikiliza mashauri mengi ambayo mwanzo wake ulikuwa maumivu ya mgongo: mchukuzi aliyeshindwa kulipa deni kwa sababu hakuweza tena kuinua gunia, kijana wa bodaboda aliyesababisha ajali akiwa ameleweshwa na vidonge vikali vya kutuliza maumivu, mama muuza mitumba aliyelaghaiwa fedha za karo na mtu aliyejiita daktari wa mifupa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeanza kwa nia mbaya. Walikuwa wanaumwa, na hawakujua la kufanya.

Mimi mwenyewe sikujua. Nikiwa na umri wa miaka 38, katika zamu ya usiku kwenye kizuizi cha barabarani, niliinama kusogeza pipa la mchanga lililoshikilia mti wa kizuizi. Nilisikia kitu kama kisu kikipita kiunoni, na sikuweza kusimama wima. Nilifanya kila kosa ambalo somo hili linataka kuwaepusha nalo. Nililala kitandani wiki tatu. Nilinunua mkanda mpana wa kufunga tumbo. Nilimeza vidonge nilivyoshauriwa na rafiki. Baada ya wiki tatu nilikuwa dhaifu kuliko siku niliyoumia, na kufunga kamba za viatu kulinitoa jasho. Hatimaye nilipelekwa kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, mama mmoja mpole, ambaye baada ya kunipima aliniambia, "Afande, mgongo wako haukuvunjika. Umelegea, na wewe unazidi kuulegeza." Kisha akanipa kipande cha tyubu ya baiskeli, akaanza kunifundisha.

Mengi ya haya ninayoyaandika niliyapata kwake, na mengine nimeyasoma baadaye. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na kwamba hakuna hali nyingine inayowalemaza watu wengi kuliko hiyo. Mnamo Desemba 2023 shirika hilo lilitoa mwongozo kuhusu maumivu ya kiuno ya muda mrefu, na mazoezi yamo miongoni mwa mambo linayoyapendekeza. Kwa hiyo tunaposema mazoezi, hatuzungumzii anasa ya matajiri wa mjini. Tunazungumzia tiba.

KIUNO KINAVYOBEBA MZIGO

Sehemu ya chini ya uti wa mgongo ina pingili tano kubwa. Kati ya pingili na pingili kuna diski, mfano wa kata ambayo mama huiweka kichwani kabla ya kujitwika mtungi. Diski hupunguza mshindo na huuwezesha mgongo kupinda. Kando ya pingili hutokea mishipa ya fahamu inayoshuka hadi miguuni. Ndiyo maana mtu mwenye tatizo la kiuno anaweza kuhisi maumivu hadi kwenye ndama au unyayo.

Pingili hizi peke yake haziwezi kusimama. Zinashikiliwa na misuli pande zote, kama mlingoti unavyoshikiliwa na kamba: misuli mirefu ya mgongo kwa nyuma, misuli ya tumbo kwa mbele na ubavuni, na misuli ya makalio na nyonga kwa chini. Kamba moja ikilegea, nyingine huvutika kupita kiasi. Mara nyingi mtu hulaumu kiuno ilhali aliyelala kazini ni misuli ya makalio au ya tumbo.

Hesabu ndogo ya nyenzo itatusaidia. Misuli ya mgongo huvuta ikiwa takriban sentimita 5 tu nyuma ya kitovu cha pingili. Ukiinua jerikani ya lita 20, yenye uzito wa kilo 20 hivi, ukiwa umeishika sentimita 40 mbele ya uti wa mgongo, misuli hiyo hulazimika kuvuta kwa nguvu inayokaribia kilo 160. Ukiivuta jerikani ile ile karibu na mwili, sentimita 20 tu, nguvu inayohitajika hushuka hadi kilo 80. Hapo bado hatujahesabu uzito wa kifua na kichwa chako mwenyewe ulipoinama. Mzigo haukubadilika, kilichobadilika ni umbali.

Jambo la pili linawahusu wanaoanza kazi alfajiri. Usiku, tunapolala, diski hunyonya maji na kuvimba kidogo. Ndiyo sababu mtu huamka akiwa mrefu kidogo kuliko alivyolala. Diski iliyojaa maji hubanwa zaidi mtu anapoinama. Kwa hiyo katika saa moja ya kwanza baada ya kuamka, epuka kuinama sana na kuinua vitu vizito. Tembea kwanza, mwili ufunguke.

KABLA YA KUGUSA CHOMBO CHOCHOTE

Maumivu mengi ya kiuno hayatokani na ugonjwa wa hatari. Hata hivyo, zipo dalili ambazo humtaka mtu aende hospitali, wala asianze mazoezi kwa somo la jaridani. Nenda mara moja, usingoje kesho, ukiona mojawapo ya haya:

1. Ganzi katika sehemu za siri au mahali unapokalia, au kushindwa kuzuia au kutoa haja ndogo au kubwa.
2. Mguu mmoja au yote miwili kuishiwa nguvu, au unyayo kuburuzika unapotembea.
3. Maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka kutoka juu au ajali ya barabarani.

Nenda upimwe mapema pia iwapo maumivu yanaambatana na homa, jasho la usiku au kupungua uzito bila sababu, kwa kuwa kifua kikuu kinaweza kuingia katika pingili za mgongo, na ugonjwa huo unatibika ukiwahiwa. Vivyo hivyo kwa maumivu yasiyopungua hata ukilala, na kwa mtu aliyewahi kuugua saratani. Mama mjamzito, na mwenye shinikizo la juu la damu, wapate kwanza ushauri wa mhudumu wa afya.

Kwa wengine, kanuni ya maumivu ni hii. Yapime kwa alama kutoka 0 hadi 10. Wakati wa zoezi, maumivu yasizidi 3, na kesho yake yawe yamerudi kama yalivyokuwa. Yakizidi, punguza, usiache kabisa. Tazama pia yanakoelekea. Maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni kwenda mguuni yanakuonya. Yanayoondoka mguuni na kurudi kiunoni ni dalili njema, hata kama kiuno chenyewe bado kinauma kidogo.

Kanuni hii ya mwisho ilipatikana kwa bahati. Mwaka 1956, huko New Zealand, mtaalamu wa tiba ya viungo aitwaye Robin McKenzie alimwambia mgonjwa wake alale kifudifudi kitandani. Upande wa kichwani wa kitanda ulikuwa umeachwa umeinuliwa, na mgonjwa akalala hivyo hivyo, mgongo umepinda kwa nyuma. McKenzie aliporudi baada ya dakika chache alishtuka, lakini mgonjwa akamwambia kuwa maumivu ya mguu yaliyomsumbua kwa majuma yalikuwa yametoweka. Kutokana na tukio hilo McKenzie alijenga utaratibu wa tiba unaotumika duniani hadi leo.

VYOMBO NA MATUMIZI YAKE

Nyuma ya kituo chetu kipo kibanda chenye vyombo vichache vya mazoezi, na vijana wa mtaani hufanya mazoezi pamoja na askari. Wengi wao hukimbilia vyuma vizito ili kifua kitanuke. Nataka tuanzie chini, tupande taratibu.

Mkeka. Hiki ni chombo cha kwanza, na kila nyumba inacho. Stuart McGill, profesa wa Kanada aliyetumia miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Waterloo akichunguza migongo, anapendekeza mazoezi matatu ya msingi. La kwanza: lala chali, goti moja limekunjwa na mguu mwingine umenyooka, viganja viwe chini ya uwazi wa kiuno. Inua kichwa na mabega kidogo tu, kana kwamba unapima uzito wa kichwa, ushikilie sekunde 8 hadi 10. Usijikunje hadi kukaa. La pili: lala ubavu, ujiinue kwa kiwiko na magoti, mwili uwe mstari mmoja, ushikilie muda huo huo, kisha ugeuke upande wa pili. La tatu: piga magoti na mikono chini, unyooshe mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, mgongo utulie kama meza, kisha ubadilishe. Kila zoezi lianze na marudio 6, pumzika, kisha 4, pumzika, kisha 2.

Mpira wa kuvuta. Madukani huuzwa mipira maalumu ya rangi mbalimbali, kila rangi na ugumu wake. Tyubu ya baiskeli iliyooshwa na kukatwa kichwa cha pampu inatosha kwa mwanzo. Ikague kila siku. Ikiwa na ufa, itupe, kwa maana mpira unaokatika huruka usoni. Ufunge kwenye nguzo imara usawa wa kifua. Simama ubavu ukielekea nguzo, shika ncha kwa mikono miwili mbele ya kifua, kisha nyoosha mikono mbele polepole. Mpira utataka kukugeuza kuelekea nguzo. Kazi yako ni kukataa. Zoezi hili huifundisha misuli ya tumbo kuulinda mgongo usisokotwe, na kusokotwa ndiko humpata mchukuzi anapogeuka na gunia. Fanya mara 10 kila upande.

Kisha fungia mpira usawa wa goti, uipe nguzo mgongo, upitishe mpira katikati ya miguu na kuushika mbele. Sukuma makalio nyuma, magoti yakiwa yamelegea kidogo na mgongo umenyooka, kisha simama kwa kukaza makalio. Hapa utajifunza jambo kubwa kuliko yote katika somo hili: kuinama kwa nyonga badala ya kiuno. Ikiwa huna uhakika, weka fimbo mgongoni iguse kichwa, sehemu ya juu ya mgongo na makalio. Ukiinama na fimbo ikaachana na mahali pamojawapo, umekosea, rudia.

Kiti cha kunyanyulia mgongo. Hiki ni kile chombo cha chuma chenye mto wa kuegemeza mapaja na mahali pa kukamatia visigino, ambapo mtu huinama mbele na kujiinua. Ni chombo kizuri, na ndicho kinachotumiwa vibaya kuliko vyote. Weka ukingo wa mto chini kidogo ya mfupa wa nyonga, ili nyonga ikunjike kwa uhuru. Mto ukiwa tumboni, kiuno ndicho kitakachokunjika. Shuka polepole, panda hadi mwili uwe mstari ulionyooka, ukome hapo. Kujirusha nyuma kupita mstari huo kunabana viungo vya nyuma vya pingili bila faida. Anza na mara 8, awamu 2, bila uzito wowote mkononi.

Namna nyingine ya kukitumia ni kujishikilia tu, mwili umenyooka, bila kupanda wala kushuka. Mwaka 1984 daktari wa Denmark, Fin Biering-Sørensen, alichapisha utafiti uliotumia kipimo kinachofanana na hicho. Wanaume walioweza kujishikilia muda mrefu hawakuwa wepesi kupata maumivu ya kiuno kwa mara ya kwanza katika mwaka uliofuata, wakilinganishwa na wale waliochoka mapema. Funzo lake ni kwamba kiuno kinahitaji ustahimilivu zaidi ya nguvu za ghafla. Anza kwa sekunde 10, uongeze sekunde 5 kila wiki.

Mpira mkubwa wa kukalia. Ulitengenezwa nchini Italia mwaka 1963 na Aquilino Cosani, na wataalamu wa tiba wakaupokea. Mpira unaofaa ni ule ambao ukiukalia, magoti huwa usawa wa nyonga au chini yake kidogo. Kukaa juu yake kutwa nzima si dawa. Faida yake ni hizi mbili: kulala juu yake kifudifudi na kuacha mgongo upumzike kwa dakika moja au mbili, na kuegemeza viwiko juu yake ukiwa umepiga magoti, tumbo limekazwa, huku ukiusukuma mbele na nyuma kidogo kidogo. Uweke mbali na ukuta wa mawe na misumari.

Chuma cha kuning'inia. Kuning'inia kwa mikono huipa misuli ya kiuno nafasi ya kulegea, na watu wengi husikia raha. Lakini raha hiyo ni ya muda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani haupendekezi kuvutwa mgongo kama tiba ya maumivu ya muda mrefu, kwa hiyo tusikifanye chuma hiki kuwa mganga. Ning'inia sekunde 10 hadi 20, vidole vya miguu vikigusa kigoda au ardhi kupunguza uzito, kisha shuka kwa miguu taratibu. Kuruka chini kutoka kwenye chuma kunarudisha mshindo mgongoni na kufuta faida yote. Mwenye maumivu ya bega aache zoezi hili.

Jerikani. Ni chombo chetu cha asili cha mazoezi. Chukua jerikani ndogo mbili za lita 5, ushike moja kila mkono, utembee hatua 40 ukiwa wima, kifua wazi, hatua fupi. Ukizoea, shika moja tu upande mmoja na ukatae kuinamia upande huo. Misuli ya ubavu itafanya kazi. Ongeza maji polepole wiki hadi wiki. Huna haja ya kununua vyuma.

Baiskeli ya mazoezi na matembezi. Kwa baiskeli, ya gimu au ya barabarani, pima kiti hivi: kanyagio likiwa chini kabisa, kisigino kiguse kanyagio huku mguu umenyooka. Kiti kilicho chini sana humkunja mpanda baiskeli kiunoni, na kilicho juu sana humyumbisha nyonga. Lakini kwa mtu anayeshinda ameketi kwenye pikipiki au lori, kutembea kwa miguu dakika 20 hadi 30 kila siku kunafaa zaidi kuliko kuongeza muda wa kukaa.

Katika mazoezi yote, pumua. Toa pumzi unapoinua au kusukuma, vuta unaporudi. Kuzuia pumzi hupandisha shinikizo la damu.

RATIBA YA WIKI NANE

Wiki ya 1 na 2: matembezi kila siku, na mazoezi matatu ya mkeka kila siku.
Wiki ya 3 na 4: endelea na hayo, ongeza mpira wa kuvuta siku 3 kwa wiki.
Wiki ya 5 na 6: ongeza kiti cha kunyanyulia mgongo na jerikani za lita 5, siku 3 kwa wiki, siku moja ya mapumziko katikati.
Wiki ya 7 na 8: ongeza muda au marudio kidogo. Ongeza jambo moja tu kwa wakati, ili likikuumiza ulijue.

Wengi hukata tamaa wiki ya tatu, kwa sababu maumivu bado yapo na mtu anaona anajisumbua bure. Mimi nilianza kuona nafuu ya kweli wiki ya sita. Haba na haba hujaza kibaba. Na baada ya wiki nane kazi haijaisha. Mazoezi ya mkeka yaendelee kama kupiga mswaki.

YASIYOTIBU

Kulala kitandani kutwa. Siku moja au mbili za kupunguza kazi zinakubalika maumivu yakiwa makali. Zaidi ya hapo, misuli hunywea na maumivu hudumu.

Mkanda wa kiuno. Mwongozo wa mwaka 2023 hauupendekezi kama tiba ya maumivu ya muda mrefu. Mimi wangu niliuvaa hadi ukachakaa, na ulichonipa ni ujasiri wa kubeba nisichokiweza.

Vidonge vikali. Hapa nazungumza kama mtumishi wa polisi. Dawa kali za jamii ya afyuni, ambazo vijana huzinunua vibandani bila cheti cha daktari, hazipendekezwi kwa maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Huleta usingizi, huleta utegemezi, na ukizidisha huweza kusimamisha pumzi. Anayeendesha pikipiki akiwa amezimeza anahatarisha abiria wake. Jambo baya zaidi ni kwamba zinanyamazisha onyo: mchukuzi anaendelea kubeba huku kiuno kikiharibika bila yeye kusikia. Ukimjua anayeuza dawa hizo kwa watoto wetu, njoo utueleze. Na ukiwa tayari umezizoea, usiziache ghafla peke yako. Nenda kituo cha afya, ukasaidiwe kuzipunguza.

WAJIBU WA ANAYEBEBESHA

Mazoezi pekee hayatamwokoa mtu anayebebeshwa gunia la kilo 100 kila siku. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo Na. 128 la mwaka 1967, lilitaja kilo 55 kuwa ukomo wa mzigo wa mwanamume mzima anayebeba kwa mikono, na likataka wa mwanamke na wa kijana uwe mdogo zaidi kwa kiasi kikubwa. Jirani zetu wa Kenya waliweka kanuni mwaka 2019 kwamba gunia la viazi lisizidi kilo 50. Wafanyabiashara wa pande zote mbili mnaosoma jarida hili, fungasheni mizigo midogo. Tumieni mikokoteni. Gunia lisiloinuka kwa mtu mmoja lishikwe na wawili.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyeketi kivulini akihesabu magunia huona ni mepesi. Naomba kila tajiri wa mizigo ainue gunia moja tu kutoka chini mpaka kwenye lori, kisha apange malipo na vipimo.

Kwa wachukuzi: sogea karibu na mzigo kabla ya kuuinua, inama kwa nyonga, geuza miguu badala ya kusokota kiuno, na pokezaneni. Kwa madereva wa malori: katika foleni, shuka kila baada ya saa moja, utembee hatua mia. Kwa waendesha bodaboda: badilisheni mkao, na mkae wima wakati mnasubiri abiria. Kwa askari wenzangu: tusimame lindoni kwa kupokezana uzito wa mguu huu na ule, na yale mapipa ya mchanga tuyasogeze wawili wawili.

Nitamalizia kwa habari ya jirani yangu mmoja, mchukuzi wa miaka mingi, aliyekuja kibandani kwetu mwaka jana akitembea amejikunja. Alidhani maisha yake ya kazi yamekwisha, na watoto wawili walikuwa bado shuleni. Alipimwa hospitali, akaambiwa hana ugonjwa wa hatari. Tukaanza na mkeka. Kwa mwezi mzima alinung'unika kwamba haya ni mazoezi ya watoto. Leo hii amerudi kazini, ingawa habebi tena gunia zima peke yake. Amenunua mkokoteni pamoja na wenzake wawili. Jioni huja kibandani na kuwasahihisha vijana wanaojirusha kwenye kiti cha kunyanyulia mgongo. "Mto uko tumboni, mwanangu," huwaambia. "Ushushe."

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kiuno kikianza kulalamika, kisikilize mapema, ukipime, kisha ukiimarishe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKAO VYA MTAA

1. Taja dalili tatu zinazomtaka mwenye maumivu ya kiuno aende hospitali mara moja.
2. Kwa nini jerikani iliyoshikwa mbali na mwili ni nzito zaidi kwa mgongo kuliko iliyoshikwa karibu?
3. Onyesha mbele ya wenzako tofauti ya kuinama kwa kiuno na kuinama kwa nyonga, ukitumia fimbo.
4. Ni vyombo gani vya mazoezi vinavyoweza kupatikana mtaani mwenu bila kununuliwa? Nani atavikagua na kuvitunza?
5. Wafanyabiashara na wachukuzi wa soko lenu wanaweza kukubaliana ukomo gani wa uzito wa gunia, na nani atausimamia?

Afisa Uhusiano wa Polisi